Ngege hufa siku ya tatu baada ya kupangwa: kinga yao imekwenda wapi?

Swali: Nafuga ngege (tilapia) kwenye vizimba vya mita 2 kwa 2 kwa 2 huku Usenge, Ziwa Victoria, kila kizimba samaki 2,000, sasa wana kama gramu 80. Kila tukiwapanga kwa ukubwa, siku ya tatu huanza kufa, kumi, kumi na tano kwa siku, wakiwa na mabaka meupe mgongoni na mapezi yaliyochakaa. Mwuzaji mmoja ameniletea unga anaouita "protini za kinga", eti nichanganye na chakula ili wapigane na bakteria. Je, samaki ana kinga kama yetu? Na unga huu utanisaidia, au nitakuwa nimetupa pesa ziwani?

Jibu: Unga huo usiununue kwanza. Protini zinazomkinga samaki dhidi ya bakteria tayari zimo ndani ya kila ngege uliye naye: kwenye ute unaoteleza mkononi, kwenye damu, kwenye matamvua na kwenye utumbo. Mwili wake huzitengeneza usiku na mchana. Siku ya kuwapanga, zile za nje zinakwanguliwa na utengenezaji wa zile za ndani unapungua, yote kwa pamoja, na bakteria ambao wamekuwa majini siku zote wanapata siku mbili za kuingia bila kuzuiwa. Nitaeleza jinsi kila protini inavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo utaona kwa nini ni siku ya tatu na si ya kwanza, na ni kitu gani ubadilishe.

Ngozi yetu sisi imefunikwa na tabaka gumu la seli zilizokufa. Ya samaki haina tabaka hilo. Seli zake za juu kabisa ziko hai, na kati yake na ziwa kuna ute tu. Ute hutolewa mfululizo, hukaa kidogo, kisha huondoka na maji pamoja na bakteria walionasa ndani yake, na mwingine hushika nafasi. Kuondoka huko peke yake ni kinga. Lakini ute pia umebeba protini nyingi zenye kazi maalumu.

Inayojulikana zaidi ni laisozaimu. Alexander Fleming aliieleza mwaka 1922, miaka sita kabla ya penisilini, akiwa ameiona kwenye makamasi ya binadamu. Samaki anayo kwenye ute, damu, figo, hata kwenye mayai. Ukuta wa bakteria umesukwa kwa minyororo ya sukari za aina mbili zinazopishana. Laisozaimu hukata mnyororo pale sukari moja inaposhikana na ya pili. Ukuta ukikatwa sehemu nyingi, maji huingia na bakteria hupasuka. Tatizo ni kwamba si bakteria wote wanaouacha ukuta huo wazi. Streptococcus anao nje. Aeromonas na Flavobacterium, ambao ndio ninaowashuku kwako, wameufunika kwa utando mwingine wenye mafuta, hivyo laisozaimu haiwafikii vizuri mpaka utando huo utobolewe. Laisozaimu ya samaki wengi huwamudu bakteria wa kundi hili kuliko ile ya yai la kuku, ila bado inahitaji msaada.

Msaada huo hutoka kwa vipande vifupi vya protini vinavyotoboa utando. Kimoja kinaitwa pisidini. Kilielezwa mwaka 2001 kutokana na samaki chotara wa jamii ya bass anayefugwa Marekani, na kina asidi-amino 22 tu. Kina chaji chanya, utando wa nje wa bakteria una chaji hasi, basi huvutwa, hulala juu yake, huzama na kuuvuruga mpaka yaliyomo ndani yavuje. Seli za samaki mwenyewe hazina chaji hasi kiasi hicho upande wa nje, kwa hiyo hazidhuriki kwa urahisi. Ngege ana pisidini zake pia, za aina kadhaa. Zaidi ya hizo kuna lektini, protini zinazotambua sukari zilizo juu ya bakteria na kuwagandisha makundi makundi, wasiweze kutawanyika.

Sasa rudi kwenye mabaka yako. Mabaka meupe au ya kijivu yanayokaa mgongoni karibu na pezi, pamoja na mapezi yaliyoliwa pembeni, kwa kawaida ni kazi ya Flavobacterium columnare. Huyu ni bakteria wa ajabu kidogo: ute haumfukuzi, bali humvuta. Huufuata, hujishikiza, na kusubiri ngozi iliyochubuka. Akiipata, hutoa kimeng'enya kinachoyeyusha tishu inayoshikilia ngozi na nyama, na kidonda hupanuka kwa saa, si kwa wiki. Mara nyingi Aeromonas hydrophila huingia nyuma yake kupitia tundu hilohilo na kufika kwenye damu. Ukiona madoa mekundu tumboni na chini ya mapezi, au tumbo limejaa maji, mfikirie huyo.

Anayefika kwenye damu hukutana na komplementi, na hapa ningependa utulie nami kidogo, kwa sababu kwa ngege hii ndiyo kinga inayobeba mzigo mkubwa. Ni kundi la protini zaidi ya 30, nyingi zikitengenezwa kwenye ini, ambazo husafiri katika damu zikiwa bado hazijawashwa. Ya katikati inaitwa C3. Ikikatwa, kipande kimoja, C3b, hujibandika juu ya bakteria kwa kifungo kisichoachia, kama chapa ya moto kwenye ng'ombe, na kuanzia hapo kila seli nyeupe inayomeza humtambua. Kipande cha pili, C3a, huziita seli hizo. Mfululizo ukiendelea kuanzia C5 mpaka C9, protini hujipanga kwa duara na kutoboa tundu kamili kwenye utando wa bakteria. Kwa Aeromonas wengi tundu hilo linatosha kumwua, ingawa wapo aina wakali wanaolikwepa. Kwa Streptococcus, mwenye ukuta mnene, tundu halifui dafu. Huyo lazima amezwe.

Binadamu ana C3 ya aina moja. Samaki wenye mifupa wana kadhaa. Tena ile njia ya komplementi inayojiwasha yenyewe ikigusa kitu kigeni, bila kusubiri kingamwili (protini zinazotengenezwa mahususi kwa adui fulani), ina nguvu zaidi kwa samaki kuliko kwa wanyama wanyonyeshao, na haizimwi na maji baridi. Dakika chache baada ya bakteria kuingia, kazi imeshaanza. Ndiyo sababu ngege mwenye ini zima na ngozi nzima anaweza kuishi miezi yote katika maji yaliyojaa Aeromonas bila kuugua. Bakteria hao wamo Ziwa Victoria siku zote, na hutawaondoa.

Kuna kinga nyingine isiyopigana moja kwa moja. Bakteria hawezi kuzaana bila madini ya chuma. Katika damu ya samaki, chuma hushikwa na protini iitwayo transferini, kwa mshiko mkali sana, na maambukizi yakianza, ini hutoa hepsidini, ambayo hufunga mlango ambao chuma hupitia kutoka kwenye seli kuingia kwenye damu. Bakteria hubaki na njaa ya madini hayo. Kwa sababu hiyo usimpe ngege anayeumwa dawa ya kuongeza damu yenye chuma, hata ukiona matamvua yake yamepauka. Utakuwa unamlisha Aeromonas, ambaye ana molekuli zake za kunyang'anya chuma na atafurahi kusaidiwa.

Kingamwili nazo anazo, kama sisi, lakini si kwa namna yetu. Iliyo nyingi kwenye damu ni IgM, iliyoundwa kwa vipande vinne vilivyoungana, ambapo yetu ina vitano. Ya ute wa utumbo, ngozi na matamvua ni IgT, iliyotambuliwa mwaka 2005. Kazi yake utumboni ilionyeshwa mwaka 2010. Samaki hana uboho unaotengeneza damu wala tezi za limfu. Seli zake za kinga hutoka kwenye figo ya mbele, wengu na tezi ndogo iitwayo thaimasi, iliyo karibu na matamvua. Kingamwili zake haziboreki sana kadiri muda unavyokwenda, na zinachelewa. Katika maji ya nyuzi 26 hivi, hesabu wiki mbili hadi nne kabla hazijafika kiasi cha kumlinda. Kwenye mabwawa ya Kakamega au Nandi, ambako maji ya asubuhi ni baridi zaidi, hesabu muda mrefu kuliko huo. Kwa mlipuko unaoanza siku ya tatu, kingamwili mpya hazifiki kwa wakati. Kinachoamua ni ute, laisozaimu na komplementi.

Isipokuwa kwa Streptococcus agalactiae. Huyu amejivika koti la sukari lenye asidi ya sialiki, ileile iliyo juu ya seli za samaki mwenyewe, na C3b haikai vizuri juu yake. Anayeweza kulipita koti hilo ni kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya aina hiyohiyo ya koti. Kwa hiyo chanjo ya ugonjwa huu lazima ilingane na aina iliyo ziwani kwako: kwa ngege zinazojulikana ni Ia, Ib na III, na ya moja haikuhakikishii kinga dhidi ya nyingine. Hudungwa tumboni samaki akiwa amefika gramu 15 hadi 20, angalau wiki tatu kabla ya kuwapanga au kuwahamisha, kamwe si siku hiyohiyo. Dalili zake hazifanani na zako: samaki huzunguka kwenye maji kama amelewa, macho hutoka nje au kuwa na ukungu, na hufa zaidi maji yakiwa ya moto.

Kwa nini basi ni siku ya tatu?

Wavu wa mkono wenye vifundo, mikono mikavu, meza ya mbao: vyote hukwangua ute, na pamoja nao laisozaimu, lektini, pisidini na IgT. Magamba yakitoka, seli hai za ngozi hubaki wazi. Seli za pembeni huanza kuhama kufunika jeraha ndani ya saa chache, kwa sababu maji ni ya joto, lakini ute uliokomaa wenye protini kamili haurudi haraka hivyo. Wakati huohuo chumvi ya damu inavuja nje kupitia pale palipochubuka. Damu ya ngege ina chumvi inayokaribia gramu 9 kwa lita, maji ya ziwa yana kidogo mno, na samaki hutumia nguvu nyingi kurudisha chumvi hiyo. Nguvu hizo hazitengenezi protini.

Halafu kuna kortisoli. Homoni hii hupanda dakika chache baada ya samaki kushikwa. Msukosuko mfupi hauna madhara makubwa. Unaweza hata kupandisha laisozaimu kwenye damu kwa muda. Ule wa saa nyingi, samaki wakiwa wamebanana kwenye kona ya wavu tangu asubuhi hadi adhuhuri, huacha kortisoli juu kwa siku, hupunguza seli nyeupe kwenye damu na kushusha laisozaimu pamoja na kingamwili. Siku ya kwanza bakteria anajishikiza. Siku ya pili anakula ngozi na kuzaana. Siku ya tatu unaokota maiti. Ukiona vifo vinaanza saa chache tu baada ya kupanga, hicho si bakteria. Ni kukosa hewa au kuumia.

Tofautisha pia na vifo vya maji yenyewe. Katika Ghuba ya Winam na pembezoni mwake, upepo ukipandisha maji ya chini yasiyo na oksijeni, samaki hufa mamia kwa usiku mmoja, alfajiri, wakubwa wakitangulia, midomo wazi na ngozi safi. Bakteria huua kidogo kidogo, idadi ikipanda siku hadi siku, na huacha vidonda.

Siku ya kupanga ningeifanya hivi. Acha kuwalisha saa 24 kabla. Usianze alfajiri, kwa sababu oksijeni huwa chini kabisa wakati huo. Pima katikati ya kizimba, si ukingoni, na uanze ikifika miligramu 5 kwa lita au zaidi, mara nyingi kati ya saa moja na nusu na saa mbili asubuhi. Maliza kabla ya saa nne, jua halijawa kali. Kama maji yamebadilika rangi au yananuka, ahirisha, hata kama vibarua wameshafika.

Inua upande mmoja tu wa wavu na ubane sehemu ya samaki, si kizimba kizima. Tumia wavu wa mkono usio na vifundo, uliolowa. Wafanyakazi walowe mikono kabla ya kumshika samaki, au wavae glavu laini zilizolowa, jambo linalowalinda na wao pia, maana Aeromonas na Streptococcus iniae huingia kwenye mikwaruzo ya binadamu. Samaki asikae nje ya maji zaidi ya nusu dakika. Meza ya kupangia ifunikwe kwa plastiki laini inayomwagiwa maji kila mara. Ubao mkavu ni msasa kwao.

Wakitoka mezani wapitishe kwenye pipa la lita 100 lililotiwa nusu kilo ya chumvi ya kawaida, yaani gramu 5 kwa lita, wakae dakika kumi kabla ya kuingia kizimba kipya. Kwa pipa hilo usiweke zaidi ya kilo 8 hadi 10 za samaki kwa mara moja, badilisha maji kila baada ya makundi matatu au manne, na kama una pampu ya hewa iwashe. Chumvi hiyo hupunguza uvujaji wa chumvi ya damu na kuokoa nguvu, na Flavobacterium columnare haipendi kabisa. Kwa samaki wenye mabaka tayari unaweza kupanda hadi kilo 1 kwa lita 100, dakika kumi na si zaidi, ukiwa umesimama hapo. Akianza kulala ubavu mrudishe mara moja. Lakini usiwatoe tena wote kizimbani kwa ajili ya kuwaogesha chumvi. Kuwashika mara ya pili kunakwangua ute ulioanza kurudi, na hasara inazidi faida.

Baada ya kupanga, siku ya kwanza walishe nusu ya kawaida, kisha panda taratibu hadi siku ya nne. Nyavu za kizimba kipya ziwe safi, mwani usizibe maji kupita. Wengi husugua wavu samaki wakiwa ndani. Takataka zinazotoka huingia kwenye matamvua na kuyachubua, na matamvua ndiyo ngozi nyembamba kuliko zote. Badilisha wavu, usafishe ule mchafu ufuoni, uuanike juani.

Jiulize pia kama kupanga ni lazima kila wakati unapopanga. Ngege wa kiume pekee walionunuliwa wakiwa ukubwa mmoja hawahitaji kupangwa mara nyingi. Mara moja, pengine mbili, kwa msimu inatosha.

Sasa unga. Mwulize mwuzaji ndani kuna nini hasa, na asome kwenye lebo. Kama ni kingamwili za mayai ya kuku au protini za damu ya mnyama, elewa kwamba tumbo la ngege ni lenye asidi kali kuliko la samaki wengi. pH yake hushuka chini ya 2 anapokula. Protini nyingi hukatwa vipande huko na kuwa chakula, cha bei ghali. C3 haitoki kwenye gunia ikaingia kwenye damu. Kama ni laisozaimu ya yai, hiyo huvumilia asidi na inaweza kuwapunguza bakteria fulani wa utumboni, lakini haitafika kwenye ngozi ya mgongo, ambako tatizo lako liko.

Kama ni beta-glukani ya hamira, basi mwuzaji ameiita jina lisilo lake, maana hiyo si protini bali ni sukari ndefu ya ukuta wa hamira, ila ina thamani. Seli nyeupe za samaki zina vipokezi vinavyoitambua kama alama ya kuvu. Zikiigusa huchangamka, na kwa siku kadhaa laisozaimu na utendaji wa komplementi hupanda. Itumie kabla ya msukosuko, si baada. Gramu 1 kwa kila kilo ya chakula, kuanzia wiki mbili kabla ya kupanga. Samaki wako 2,000 wa gramu 80 ni kilo 160. Ukiwalisha asilimia 4 ya uzito wao ni kilo 6.4 za chakula kwa siku, kwa hiyo glukani ni gramu 6.4 kwa siku, na kwa wiki mbili kama gramu 90. Koroga kwenye mafuta ya kupikia, mililita 20 hadi 30 kwa kila kilo ya chakula, nyunyiza na kugeuza mpaka kila punje ipate, acha kivulini nusu saa. Wiki mbili zikiisha pumzika. Ukiwapa miezi mfululizo faida hupungua. Na kwa samaki ambaye tayari ana vidonda haitibu kitu. Mwuzaji asiyeweza kukuambia kilichomo kwenye mfuko wake, mrudishie.

Pesa ambazo ungeziweka kwenye unga ningeziweka kwanza kwenye stoo ya chakula. Komplementi, transferini na hepsidini hutengenezwa zaidi na ini, na adui mkubwa wa ini katika ukanda wetu ni sumu ya aflatoksini kutoka kwenye chakula kilichoota ukungu. Upepo wa ziwa una unyevu, magunia yakikaa chini kwenye sakafu ya saruji huvuta maji. Yaweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na usinunue ya zaidi ya miezi miwili au mitatu. Gunia lenye madonge au harufu ya uvundo litupe hata kama limejaa nusu. Vitamini C nayo huharibika kwa joto na unyevu, na bila hiyo ngozi haifungi vizuri baada ya kuchubuka. Mchanganyaji wa chakula akitumia ile iliyofungwa kwa fosfeti, hudumu zaidi, mwulize.

Kuhusu wanaokufa sasa: okota maiti asubuhi na jioni, uzike ufuoni kwa chokaa, mbali na maji. Ukiwatupa ziwani, bakteria hurudi kwenye vizimba vyako na vya jirani. Punguza chakula nusu. Usikimbilie kuchanganya antibiotiki kutoka duka la agroveti, na sababu yake inahusu protini hizihizi. Dawa zinazotumika zaidi kwa samaki, oksitetrasaiklini na flofenikoli, kwa sehemu kubwa huzuia tu bakteria asizaane. Kumaliza waliobaki ni kazi ya komplementi na seli zinazomeza. Samaki aliyebanwa, mwenye oksijeni kidogo na ini bovu, hupata nafuu dawa ikiwa mwilini na huanza kufa tena ikiisha. Zaidi ya hapo, anayeumwa sana hali chochote, kwa hiyo dawa iliyo kwenye chakula huwafikia wazima. Ikibidi kuitumia, iwe baada ya kipimo, kwa maagizo ya daktari wa mifugo, kwa siku zote alizoandika, na siku za kusubiri kabla ya kuuza ziheshimiwe. Mlaji wa Kisumu hastahili kula dawa yako.

Kwa kipimo, chagua samaki watano au sita walio karibu kufa lakini bado wanapumua. Maiti iliyoelea usiku mzima imeshajaa bakteria wa kila aina na haitakuambia kitu. Wapeleke hai kwenye mfuko wenye oksijeni, au wafishe uwaweke kwenye barafu bila kuwagandisha, wafike maabara siku hiyohiyo. Anza na afisa wa uvuvi wa kaunti yako Bondo au kituo cha taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, Kisumu, watakuelekeza. Omba wachukue sampuli kutoka kwenye kidonda, figo ya mbele na ubongo, kwa sababu kolumnarisi (ugonjwa wa Flavobacterium columnare) huonekana ngozini, Aeromonas kwenye figo, na Streptococcus mara nyingi kwenye ubongo. Wakikuza bakteria, omba pia wapime dawa gani inamuathiri.

Andika kila siku idadi ya waliokufa kwa kila kizimba, joto la maji, na oksijeni ya alfajiri. Vifo vikishuka kufikia siku ya saba baada ya kupanga bila dawa, ujue ngozi imefunga na kinga imeshika. Vikipita 20 kwa siku katika kizimba kimoja, siku mbili mfululizo, usisubiri ya tatu kupeleka sampuli.